Mto Uliohama na Swali Lako la Jumapili

Mkonze, Alhamisi, jua bado lipo

Mwanangu Nyemo,

Marahaba. Najibu ile shikamoo ya asubuhi, uliyoitoa huku ukiangalia ndoo. Tangu Jumapili shikamoo zako zimekuwa za kiofisi, kama za karani anayesubiri mteja aondoke, nami nazipokea hivyo hivyo kwa sababu nimezitafuta mwenyewe. Kesho unapanda treni, kisha boti, na jioni utakuwa kwa bibi yako Unguja. Nimeona nisipoandika leo nitakuja kusema kituoni, na wewe unamjua baba yako akisema kituoni. Ataanza na utani, atamaliza na utani, na katikati atakuuliza kama umebeba chaja.

Mambo ya chaja, kanga na dawa za tumbo mama yako ameshayamaliza. Ile orodha yake hata wizara haiwezi kuitekeleza kwa mwaka mmoja. Mimi nina makosa yangu na swali lako, basi.

Kosa la kwanza unalijua, ulikuwepo. Jumapili jirani yetu mwalimu mstaafu na mwenzangu wa karakana walikuja kula. Tukashiba, ikafika ile saa ambayo wanaume wa Dodoma, kwa kuwa Bunge liko hapa, hujiona wote ni wabunge. Mazungumzo yakaangukia Muungano. Wewe ulikuwa unaondoa sahani, ukasema kwa upole tu, "Lakini sisi tukiamua kujitegemea, ubaya uko wapi?"

Nami nikadakia: "Sisi akina nani? Wewe Mgogo wa Mkonze! Bahari umeivuka mara tatu, na mara mbili ulitapika."

Wakacheka. Mwanamume wa umri wangu akichekewa mara moja anataka ya pili, kwa hiyo nikaongeza kwamba hiyo nchi yenyewe mtu akiwasha gari asubuhi anaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Wakacheka tena. Ukasema, "Mbona nyie kule kwenu mlijitenga, na unajisifu kila siku?" Nikasema ile ilikuwa tofauti. Ukauliza, "Tofauti nini?" Nikajifanya natafuta kijiti cha meno. Ndipo ukaweka sahani chini ukaniangalia: "Baba, kura ingekuwa mkononi mwako, ungetuachia twende?"

Nikakwambia kwanza unitajie nani atawauzia vitunguu.

Ukaenda jikoni. Mama yako, ambaye Unguja ndiko alikozaliwa na ndiko waliko ndugu zake wote, hakucheka. Alisema tu, "Baba Nyemo, chai yako inapoa," na chai yenyewe ilikuwa haijamiminwa.

Kosa la pili hulijui. Ile barua ya utambulisho uliyoniomba nikuchukulie kwa mtendaji wa mtaa, nimekwambia mara tatu kwamba mtendaji hayupo. Mara ya kwanza nikasema yuko semina. Mara ya pili nikasema anaumwa, Mungu anisamehe. Mtendaji yupo, mzima wa afya, ofisi anaifungua mapema kuliko mwuza maandazi. Nilikuwa napita pale kila siku. Nilijua sheha wa kwa bibi yako hawezi kuanza kushughulikia kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi bila barua ya mtaa unakotoka, na nilijua kazi yako ya maabara kule haitathibitishwa bila kitambulisho hicho. Nilijua yote, na bado nilipita. Nilikuwa na wazo la kijinga kwamba karatasi ile ikitoka, mwanangu anageuka kuwa mtu wa kule.

Neno hilo, "mtu wa kule", nina historia nalo. Na kwa kuwa uliniuliza tofauti ni nini, ngoja nikusimulie kujitenga kwetu kama kulivyokuwa. Sikupi ile hadithi ninayowapa wageni, ambayo inaishia tunapopiga vigelegele.

Unajua kwamba nyumbani kwetu, karibu na Gulwe, zamani tulikuwa kitongoji tu cha kijiji kikubwa kilichoko ng'ambo ya mto. Ule si mto wa maji mwaka mzima. Kifuku unashuka kwa hasira, unang'oa miti na kutishia reli. Kiangazi ni mchanga mtupu, na maji yako chini ya mchanga. Watu wanachimba visima mle mle mtoni. Kwa desturi yetu kisima ni cha aliyekichimba. Anakizungushia miiba ng'ombe wasiingie, anachota wa kwanza, kisha jirani.

Sababu za kutaka kutoka tulikuwa nazo, tena za kweli. Kijiji mama kilikuwa kinaitisha mkutano mkuu kifuku, mto umejaa. Sisi tunasimama ng'ambo ya huku tunaona watu wananyoosha mikono, hatusikii hata wanachokubaliana. Kesho yake tunaletewa maamuzi. Shule ilikuwa kwao, na watoto wetu walikaa nyumbani wiki nzima mpaka maji yapungue. Tukilalamika, mwenyekiti wao anasema kwa mapenzi kabisa, "Nyie si watoto wetu? Tunawafikiria."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, ndiyo kwanza nimetoka kujifunza ufundi wa pampu, natembea na kalamu tatu mfuko wa shati na inayoandika ni moja. Wakanichagua katibu wa kamati ya kujitenga. Nyemo, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilipiga mguu hadi wilayani sijui mara ngapi. Niliandika orodha ya kugawana kila kitu: malisho, mashamba, jembe la kukokotwa na ng'ombe, viti vya ofisi, hata makaburi. Ilipofika kwenye mpaka, mimi ndiye niliyesimama nikasema, mpaka uwe mto, kwa sababu hata kipofu anaujua ulipo. Wakanipigia makofi. Mpima ardhi akapanda mawe yake kufuata kingo. Kijiji kikazaliwa.

Mwaka uleule kifuku kilipokuja, mto ukahama.

Wasiotoka kwetu hawaamini nikisema hivi, lakini mito yetu ndivyo ilivyo. Maji yalipasua ukingo wa ng'ambo, yakajichimbia njia mpya katikati ya mashamba ya kijiji mama. Mkondo wetu wa zamani ukajaa tope, tope likakauka likawa kama sakafu. Mawe ya mpima yalibaki palepale, yakilinda mto usiokuwepo. Kiangazi kilipofika tulichimba mpaka tukachoka, tukapata vumbi. Mchanga wenye maji wote ulikuwa ng'ambo, ndani ya kijiji cha watu tuliowaaga kwa ngoma.

Nikatumwa kwenda kuomba. Si ndiye katibu? Nilifika asubuhi na kina mama wetu nyuma yangu na ndoo tupu. Mwenyekiti wao alikuwa amekaa kwenye ukingo mpya, kanyoosha miguu kama aliyeutengeneza yeye.

"Karibuni wageni," akasema. "Si mna mhuri wenu sasa? Ukamueni."

Watu wakacheka kweli kweli. Kwenye kisima cha pili alikuwepo shangazi yangu, dada mkubwa wa babu yako, aliyeolewa huko. Alikuwa ameshika kata ya kuchotea maji, akaniita kwa sauti watu wote wasikie.

"Katibu! Umekuja kukagua mpaka?"

"Shikamoo shangazi. Nimekuja kuomba maji."

"Marahaba. Mlipogawana mliandika mashamba?"

"Tuliandika."

"Viti mliandika. Makaburi mliandika, nasikia hata babu yangu mlimpangia upande. Maji mliandika ukurasa wa ngapi?"

Nikageuka kuangalia ndoo za kina mama.

"Ukurasa wa ngapi, Katibu?"

"Hatukuandika, shangazi."

"Kwa nini?"

Nikasema neno ambalo mpaka leo kule wananitania nalo. Nikasema, "Yalikuwepo."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akanitupia jembe. Akasema kwanza nichimbe kisima cha ndama wake, kikitoa maji nichimbe cha mama yangu, na kina mama wote waliokuja nami waingie mtoni wachague pa kuchimba, kwa kuwa yeye hajaona karatasi inayosema mtu afe kiu. Mwenyekiti akaanza kusema jambo. Shangazi akamwambia, "Na wewe nyamaza, mkutano umeitisha lini?" Nikachimba mpaka mchanga ukafika kifuani. Uliporomoka mara mbili ukanifukia hadi kwapani, na mara zote mbili watu wa vijiji vyote viwili walicheka kwa umoja ambao hatukuwahi kuwa nao kabla ya kujitenga.

Kiangazi kile tuliishi kwa hisani ya mwanamke yule. Mpaka leo nikipaona pale naona deni la shukrani ambalo siwezi kulimaliza. Baadaye pande zote mbili zilikaa na kuandika namna ya kutumia mto, popote utakapohamia. Karatasi ile ni ukurasa mmoja. Tungeweza kuiandika kabla, tukiwa bado tunaongea vizuri. Mimi nilikuwa na haraka ya ngoma.

Sasa unataka kujua kama tulifaidika. Nikiri jambo: nilianza barua hii nikiwa na hila. Nilidhani nikikusimulia habari ya mto utaona mwenyewe kwamba mdogo asitoke kwa mkubwa, nami nitakuwa nimeshinda bila kelele. Lakini nilipofika kwenye kisima hadithi ikanigeuka. Maana shule tulijenga, upande wetu, na baba zako wadogo walisoma bila kusubiri mto ushuke. Mkutano tukaitisha wenyewe, kiangazi, tukagombana wenyewe, tukaamua ujinga wetu wenyewe na kuurekebisha wenyewe. Hayo tusingeyapata kwa kubaki, maana tulikuwa tumeomba vya kutosha. Tulichopoteza ni kingine. Wajukuu wa shangazi yule na watoto wa ndugu zangu wanakutana mnadani, wanaitana "wa kule". Damu moja, na mto wenyewe ulishahama tena mara mbili. Hakuna aliyepanga hivyo, ila hilo nalo hatukuliandika.

Tena hata mfano wangu una kikomo, na nisipokisema utakisema wewe. Kitongoji chetu hakikuwahi kuwa na kiti popote. Zanzibar iliingia Muungano ikiwa nchi, ina kiti chake Umoja wa Mataifa, na kiti hicho ndicho bibi yako anachokiulizia kila akija. Na mpaka wake ni bahari, hauhami. Kwa hiyo sipaswi kukurushia mto wa Gulwe kichwani nikadhani nimekujibu.

Watu wengine, wakijua nimeoa Unguja, hunitania kwamba nyumba hii ndiyo Muungano. Sijawahi kuupenda mfano huo. Nchi si ndoa, na mama yako hajawahi kuwa mkoa wangu. Mimi ndiye ninayeomba ruhusa.

Ulipozaliwa, bibi yako alifunga safari kuja kukuona, akabeba televisheni iwe zawadi yako, kana kwamba kichanga kinasubiri taarifa ya habari. Kufika bandarini Dar es Salaam akaambiwa ailipie ushuru. Akasema, "Mimi sijatoka nje, nimetoka Unguja." Wakamwambia ndiyo, bibi, ni nchi moja, ila lipia. Hakulipa na hakubishana. Alimkabidhi binamu yake aliyemsindikiza boksi, arudi nalo na boti ya jioni. Akafika Dodoma na mkoba mmoja, akafungua, akanikabidhi rimoti.

"Mkwe wangu," akasema, "huu ndio Muungano wenu. Televisheni iko kwangu, rimoti iko kwako."

Nikacheka sana, Nyemo. Nikasimulia karakana nzima. Miaka ikapita ndipo nikang'amua kwamba yeye siku ile hakuwa amecheka hata kidogo. Alikuwa amesimama kwenye mstari na zawadi ya mjukuu, akiulizwa katokea wapi, kama kina mama zetu waliposimama mtoni na ndoo. Mimi niliyechimba kisima kwa aibu, mimi ndiye niliyepaswa kuelewa wa kwanza. Nikacheka kama yule mwenyekiti.

Halafu yupo yule Mpemba wa duka la jumla pale njia panda, unamjua, anayekuitaga "jamaa yangu". Jumatatu nilikwenda kwake kununua sabuni, nikamuuliza swali lako kama lilivyo. Akaweka mizani chini. "Fundi," akasema, "moyo wangu ukilala unataka bendera yangu peke yake. Ukiamka unakumbuka nina watoto sita shule ya hapa na kiwanja Msalato. Siku tukitoka, hapa mimi naitwa nani? Mgeni? Nitapewa muda gani wa kufunga duka?" Nikamwambia hakuna atakayemfukuza. Akanitazama kwa huruma. "Umeandika wapi?"

Umeona? Hata yeye ananiuliza ukurasa.

Basi jibu langu ni hili, na si la utani. Mimi ningependa mbaki. Napenda kujua kwamba mtu anatoka Micheweni kule Pemba anakuja kufungua duka Dodoma bila kumwomba mtu, na kwamba binti wa Gulwe anakwenda kupima damu za watu Unguja na kuitwa mwenzao. Naamini mdogo akitoka anapata sauti yake yote, na hilo si dogo. Anapoteza pia ile mikono mingi ya siku ya shida, nalo si dogo. Lipi zito zaidi, inategemea alisikilizwa kiasi gani alipokuwa ndani, na waliketi kuandika nini kabla ya kuagana. Ukubwa wa nchi hauhusiki sana. Mzaha wangu wa chai ya saa nne ulikuwa wa mtu aliyekosa hoja.

Lakini kupenda kwangu kusikupe shida. Kijiji mama nao walitupenda. Walitupenda kila mwaka, na kila mwaka wakaitisha mkutano mvua ikinyesha. Kwa hiyo kura ile ingekuwa mkononi mwangu, nisingeipiga. Ningeibeba hadi kwa bibi yako, nikawapa yeye na wewe, nikakaa barazani nikisubiri. Na kama mngesema mnakwenda, ningewaomba kitu kimoja: tusipige ngoma kwanza. Tukae tuandike maji.

Na hilo la "sisi" nimelifikiria siku nne hizi nikifungua pampu za watu. Nilikukatalia neno ambalo una haki nalo tangu siku ile ya rimoti. Una "sisi" mbili, mwanangu. Mimi nimeishi na moja maisha yangu yote na bado inanishinda kuitumia vizuri, wewe umepewa mbili na unazibeba bila kumwaga. Nashukuru kwa hilo. Nashukuru kwamba ulinijibu mbele ya wageni, kwa adabu, ukiwa na sahani mkononi. Shangazi yangu angekupenda. Nashukuru kwa mama yako, aliyehama kutoka kwenye hewa ya karafuu akaja kula vumbi la Dodoma na mimi, na hajawahi kuniambia kwamba nalichukulia hilo kama jambo la kawaida, ingawa ndivyo nilivyolichukulia. Nashukuru kwamba umekuwa mtu ambaye naweza kumkosea, kisha nikamwandikia.

Leo mchana nilifunga karakana mapema nikaenda kwa mtendaji. Nilipoingia akaweka kalamu chini.

"He! Baba Nyemo, leo umeingia? Wiki tatu nakuona unapita hapa umevuta kofia usoni."

Nikaona hata uongo wangu ulikuwa hauna siri. Nikamwambia nimefuata barua ya binti.

"Anakwenda wapi?"

"Unguja."

"Kutembea au kuhamia?"

"Kuhamia."

Akatoa fomu, akajaza jina lako, jina langu, mtaa. Akafika kwenye mstari wa sababu ya kuhama. Akasema, "Hapa naweka ajira."

Nikasema, "Hapana. Andika anakwenda kwao."

Akanitazama juu ya miwani. "Kwao? Na hapa Mkonze alipokulia ni kwa nani?"

"Na hapa kwao. Andika na hilo. Anatoka kwao, anakwenda kwao."

"Mzee, mstari wenyewe ni huu mmoja, tena mfupi."

"Basi andika kwa herufi ndogo."

Ameandika. Amebana kidogo mwishoni, neno la mwisho limepanda pembeni ya karatasi, lakini yote mawili yanasomeka.

Baba yako